Ndama na Simu ya Bandani

Masama,
5 Oktoba 2004

Mwanangu Hilda,

Hujambo? Kile kikohozi cha Morogoro kimekuachia? Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Majani ya ng'ombe nakata mwenyewe tangu mama yako atutoke, na wanawake wa huku wakiniona na mzigo kichwani wanacheka mpaka wanashika migomba. Waache wacheke.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu dakika zinakimbia, na jambo hili ni refu. Ni yule ndama. Ile simu uliyoniletea nimeitundika kwenye msumari bandani, juu ya kichwa chake, maana kihamba kizima, nyumbani hadi mwisho wa migomba, netiweki inapatikana hapo tu. Sasa kila Jumapili ukipiga baada ya ibada, ndama anaruka, anapiga ndoo mateke, anatupa kichwa huku na huku. Juzi alianza hata kabla haijalia. Jirani yetu Mektrida amesikia redioni kwamba mionzi ya simu inaharibu akili za wanyama wachanga.

Wewe ndiye unayeweka simu chini ya vizimba vya watoto wa panya huko chuoni. Niambie ukweli. Ng'ombe wa mama yako amezeeka, hazai tena. Huyu ndiye wa mwisho wa uzao wake. Mchinjaji amekwisha kuja kumtazama, anamtaka kwa Krismasi. Sipendi kabisa. Lakini ndama kichaa nitamfanyia nini peke yangu?

Baba yako.


Morogoro,
19 Oktoba 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Pole na magoti, na pole na wanawake wa Masama.

Baba, tafadhali usimuuze. Ukweli ni kwamba sijui. Watoto wa panya wanaokaa na simu wiki nyingine wanahangaika sana, wiki nyingine wanalala kama wenzao. Mwalimu wetu hataki tuseme lolote mpaka kazi iishe, na nadhani ana haki.

Fanya kama tunavyofanya sisi. Tuna kizimba kingine ambacho simu iko palepale lakini imezimwa, ili tujue kama ni mionzi au ni kitu kingine. Na wewe zima simu, uiache kwenye msumari wake, kisha umwangalie ndama. Mimi sitapiga mpaka uniandikie.

Kuna jambo moja halinifurahishi. Huenda Krismasi nisije. Lazima mtu abaki na panya.

Mwanao, Hilda.


Masama,
23 Novemba 2004

Mwanangu Hilda,

Salamu. U mzima? Huku mvua za vuli zimetulowesha vizuri, na magoti sasa nayapaka mafuta ya kondoo.

Umeona nimekawia kujibu. Nilitaka kuwa na hakika kwanza, halafu nikaona haya.

Simu niliizima. Jumapili nikatoka kanisani, nikaingia bandani. Simu kimya msumarini. Ilipofika saa yako ya kupiga, ndama akasimama, akapiga ndoo teke, akatupa kichwa. Nikashtuka, mionzi inatoka wapi? Jumapili iliyofuata, vilevile. Nikamwita Mektrida aje ashuhudie. Akaniuliza, “Baba Hilda, simu ikilia wewe huwa unafanya nini?” Nikamwambia nakimbia, namenya ndizi mbivu, nampa ndama ili atulie nisikie sauti yako. Mektrida alicheka mpaka akakalia ndoo.

“Sasa na hiyo?” akaniuliza, akinyoosha kidole.

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika ndizi, nimekwisha kuimenya. Bado nina koti la kanisani, nimesimama nimeelekea msumari, na simu niliizima mwenyewe.

Basi ndama hana ugonjwa. Mchinjaji nimemwambia atafute kwingine. Habari za mionzi nakuachia wewe na mwalimu wako. Ila nakukumbuka sana, mwanangu. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Sikwambii uache kazi. Nimeona tu nisikufiche.

Simu nimeiwasha.

Baba yako.


Morogoro,
11 Desemba 2004

Baba yangu,

Shikamoo. Ningeweza kupiga, lakini nilijaribu mara mbili nikakata, maana nilikuwa nalia na vocha inakwisha.

Barua yako niliisoma karibu na vizimba. Mwenzangu Rahma akaniuliza kuna msiba gani nyumbani. Nikamsomea. Alicheka sana hapo kwa Mektrida. Nilipofika mwisho akasema Krismasi si sikukuu yake, atabaki na panya, nami nitamshikia zamu Idi ya kuchinja. Bado hatujui simu inawafanya nini hao panya, Baba. Watasubiri.

Jumapili ya tarehe 26, saa ile yetu, simu haitalia. Ndama akisimama, wewe kaa chini upumzishe magoti. Ndizi nitammenyea mimi.

Mwanao, Hilda.