Muzungu Aliyepotea Kwenye Moshi wa Mugamba

Jumapili, mwezi wa nane unakata roho. Jua la kukaanga mabati. Kutoka barazani kwetu hapa mjini, mtaa wa Kamenge, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani. Moshi umeimeza kwa wiki mbili sasa. Nimeketi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakina ukucha tena. Nina furaha nisiyoistahili.

Tulirudi jana kwa gari, mimi na bibi yangu wa ndoa, Consolate. Tulitembea siku saba. Kutoka huku chini tulipanda miteremko ya Mumirwa hadi Ijenda, kisha tukafuata mgongo wa milima kuelekea kusini, Tora, Matana, mpaka Rutovu kwenye chemchemi ya Nile. Ukiisoma haraka hivyo unaweza kudhani mimi ni mwanamichezo. Soma polepole. Nina miaka hamsini na miwili, na kilele kirefu nilichowahi kukipanda kabla ya hapo ni ghorofa ya pili ya shule ninakofundisha.

Wasomaji wangu wa zamani mnamjua kama Mama Kelly. Leo nimeandika Consolate. Jina hilo kwangu lina siku sita tu, nitaeleza.

Ninafundisha jiografia. Miaka ishirini na miwili nachora ubaoni ule mgongo unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Nile, nikiwaambia wanafunzi kwamba mvua ikianguka huku inakwenda Atlantiki, ikianguka kule inakwenda Misri. Nasema kwa sauti ya mtu aliyetoka huko asubuhi. Sikuwahi kufika. Nalikiri hilo hapa bila wasiwasi, maana wanafunzi wangu hawasomi blogu, wanatazama video.

Halafu daktari akapima sukari yangu na kuniambia nitembee. Nadhani alimaanisha mpaka kazini. Consolate, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba magotini, akauliza kama Rutovu ingetosha.

Binti yetu Kelly, anayefanya kazi Ubelgiji, alikuwa ametutumia sakado, begi kubwa la mgongoni la watu wa milima. Lina rangi ya chungwa ya kuumiza macho, kamba kila mahali, na hata firimbi kifuani. Consolate alilitazama mara moja tu. Vitu vyake alivifunga kwenye kitenge, akavitwika kichwani kama alivyofundishwa na mama yake huko Mugamba alikozaliwa, mikono yake ikibaki huru kunipungia kila nitakapobaki nyuma. Mimi, mtoto wa mjini, mtaa wa Bwiza, nikabeba la Ubelgiji.

Shida ni kwamba kule juu mtu mwenye mzigo anajulikana. Anauza, anahama, au anambebea mtu. Mimi sikuwa na ndizi wala makaa, na begi lilikuwa zuri kuliko viatu vyangu. Basi kilima baada ya kilima swali likawa moja: muzungu wako yuko wapi?

Mwanzoni nilieleza. Nikasema begi ni letu, tunatembea tu, kwa ajili ya afya. Hawakuamini hata kidogo. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiteremsha ndizi kwa baiskeli alinionea huruma, akasema wazungu wengine ndivyo walivyo, wanakuachia mizigo na kwenda kupiga picha za ndege. Siku ya pili nikachoka kueleza. Nikawa najibu kwamba anakuja nyuma.

Consolate alicheka mpaka akautua mzigo chini.

"Ule muzungu yako," akaniambia, "siku moja atakuja kweli."

Joto sitaki kulisimulia sana, mwili bado unalikumbuka. Mumirwa ni ukuta. Vumbi linaingia mpaka kwenye masikio, na mikalitusi haina kivuli cha maana. Tulipofika juu joto likapungua, lakini moshi ndio ukatungoja. Wafugaji huchoma nyasi kavu ili mvua ya kwanza iwaletee ng'ombe majani mapya, kwa hiyo kila upande palikuwa na kilima kinachofuka. Tulitembea tukikohoa. Nilisimama nikamwonyesha Consolate mgongo wenyewe, nikampa lile somo langu la maji, mikono yote miwili hewani. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na jasho yako, mwalimu, inaenda Kongo ama Misri?"

Sasa nifike kwenye siku ya tatu, ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Tulikuwa tunaelekea Tora. Tulikuwa tumekula viazi baridi na maharage, na mimi nilikuwa napumua kama mvukuto. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akanitazama, kisha akamwambia Consolate kwa Kirundi amhurumie huyu mzee, atamwua. Consolate alicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sauti kubwa, kama mtu ambaye hakuumia.

Nilikuwa nimeumia.

Siku tatu nilikuwa nimeutazama mgongo wake ukipanda mbele yangu bila kutokwa jasho. Basi aliposimama kukaza fundo la mzigo wake na kuongea na yule mchungaji habari za kwao, mimi nikaondoka. Niliongeza mwendo, nikakata kona, nikapanda kilima kizima bila kugeuka hata mara moja. Nilitaka yeye naye aone mgongo wangu. Nilitaka anikute juu nimeketi, nimeshapumua, nimwambie, kumbe umechelewa.

Niliketi juu. Nikapumua. Nilikuwa bado naiandaa ile sentensi upepo ulipogeuka.

Moshi haukutoka mbele. Ulitoka chini, bondeni nilikopita, wa njano kwanza, halafu mweupe mzito. Ndani yake kulikuwa na mlio kama wa mvua juu ya bati, na mvua haikuwepo. Niliposimama, njia niliyopandia haikuonekana tena.

Nilikuwa nimemwacha upande wa moto.

Nikapiga kelele, "Mama Kelly! Mama Kelly!" Sauti inayonyamazisha wanafunzi hamsini haikufika popote. Nikapuliza firimbi ya Kelly. Nikateremka mbio, joto likanirudisha, nikateremka kwingine, likanirudisha tena. Nilikuwa nalia, na sitaki kusingizia moshi.

Hapo nikakutana na watu wakipanda na matawi mabichi ya kupigia moto. Aliyetangulia ni mama mmoja wa makamo, miguu peku, matope ya shamba la bondeni hadi magotini. Baadaye nilijua anaitwa Générose. Nilimwambia, kwa Kirundi changu cha Bwiza na pumzi iliyobaki, kwamba nimempoteza mwenzangu ndani ya moshi. Akalitazama lile begi la rangi ya chungwa. Akaelewa, au tuseme, wote kilima kizima wakaelewa. Akageuka, akaweka mikono mdomoni na kupeleka habari ng'ambo. Ng'ambo wakaipeleka mbele. Watu wakaanza kutoka kwenye mashamba na nyumba nisizoziona, wakaingia kwenye moshi wakiita.

Nilisikia wanachoita. Sikukielewa. Nadhani hofu inaziba masikio, maana walikuwa wakiita kwa Kirundi chepesi kabisa, na mimi nilikuwa katikati yao nikiita jina jingine.

Baada ya muda ambao sijui ni dakika ngapi, Générose alinikamata mkono, akanifunga kitambaa chenye maji puani, akauliza amevaa nini huyo mtu, ili wamtambue kwa mbali.

"Kitenge," nikasema. "Cha kijani, chenye picha za kuku."

Mikono yake ikasimama nyuma ya kichwa changu.

"Muzungu wako anavaa kitenge?"

"Hakuna muzungu. Ni bibi yangu."

Nilidhani atanipiga, au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu anaitwa nani, nikajibu Mama Kelly.

"Kelly ni mtoto," akasema. "Mimi nakuuliza mama."

Nakiri hapa, mbele ya beseni langu, kwamba nililitafuta. Si kwamba nililisahau. Liko kwenye cheti cha ndoa, padri alilitaja, mimi mwenyewe nililiimba zamani chini ya dirisha la shangazi yake kule Bwiza mpaka nikamwagiwa maji. Lakini tangu Kelly azaliwe sikuwa nimelitia mdomoni, na sasa lilitoka kama jina la mtu niliyetambulishwa muda huo huo.

"Consolate."

Générose akageuka na kuliita. Na wote wakaacha walichokuwa wakiita, wakaliita hilo. Wanaume wenye matawi, wasichana waliokuwa wakichota maji, sauti za ng'ambo za watu ambao mpaka leo sijawaona nyuso. Kilima kizima kinaita jina la bibi yangu, mimi nimesimama katikati nalisikia. Sijui kama nitasikia kitu kizuri kuliko hicho tena.

Akajibu mara ile ile, kutoka chini kushoto, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama chai ipo. "Niko huku."

Alikuwa ameketi juu ya jiwe katikati ya weusi mtupu, pale ambapo moto ulikuwa umeshapita. Mtoto wa Mugamba anajua kwamba moto hauli sahani moja mara mbili. Ulipomjia alichagua mahali ambapo miali ilikuwa mifupi, akaivuka, akaketi upande ulioungua na mzigo wake mapajani kama anayengoja gari. Pindo la kitenge lilikuwa limeungua, na mguu mmoja ulikuwa na lengelenge kubwa kama kiganja. Wale kuku wa chini walikuwa wameiva.

Mimi nikamkimbilia juu ya majivu. Nilimshika tu mabega. Yeye alinitazama, akatazama umati ulioniandama nyuma, masizi usoni na matawi mikononi, na uso wake ukajaa wasiwasi.

"Na ule muzungu," akauliza, "wamemupata?"

Muda wote aliwasikia wanamwita. Akanyamaza kwa makusudi ili asiwachanganye. Alijisemea kwamba yeye njia anazijua, lakini huyo masikini, hajui njia wala lugha, na wenzake wamemwacha. Akatoa rozari, akamwombea. Alikuwa amefika fumbo la nne walipoacha ghafla kumtafuta mzungu na kuanza kumtafuta yeye, akaudhika kidogo.

Générose alipoelezwa, aliketi chini kwenye majivu. Alicheka mpaka akalala chali. Kicheko kikapanda ng'ambo kwa njia ile ile ya habari, nikakisikia kikifika mbali, kilima kwa kilima, dakika nzima baadaye.

Tulilala kwake. Walimwosha Consolate mguu kwa maji baridi, wakatupa viazi, wakatupa pombe ya ndizi, wakatupa kitanda chenyewe. Nilipojaribu kushukuru, wakaomba tu kupuliza firimbi, mmoja mmoja, kwa foleni. Watu wale waliingia kwenye moshi kumtafuta mtu asiyekuwepo, wa nchi wasiyoijua, kwa moyo wote. Nimeishi mjini miaka yangu yote na ninafikiria hilo kila ninapokohoa.

Kabla ya kulala nilimwambia Consolate ukweli, kwamba sikutangulia kwa bahati mbaya.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote hii unafikiri mi sijui mugongo yako? Ulikuwa unatembea na hasira mupaka viatu vinasema."

Akauweka vizuri ule mguu wenye lengelenge.

"Usifanye tena."

Akageukia ukuta, akalala.

Mguu uliporuhusu tukaendelea, polepole. Yeye alilitaka sakado, akasema mgongoni halimwumizi mguu kama mzigo wa kichwani. Mimi nikachukua kitenge chake cha mzigo. Kichwani kilinishinda ndani ya hatua kumi, nikakibana kwapani kama mwizi wa kuku. Na kila tulipopita, watu wakamwuliza yeye, mama, muzungu wako yuko wapi? Naye bila kugeuka alinyoosha kidole nyuma.

"Ule kule. Anakuja pole pole."

Chemchemi ya Nile ni nyembamba kama kidole changu chenye ukucha. Miaka ishirini na miwili nimeichora kwa ubapa wa chaki. Shule ikifunguliwa nitaichora kwa ncha.

Maji ya beseni yamepoa. Kesho asubuhi tunakwenda kwa miguu mpaka soko la Bwiza kutafuta kitenge kingine cha kuku, na nimeshaamua ni nani atatangulia.

Anaita kutoka jikoni.

"Muzungu, chakula iko mezani."

Naitika.