Maziwa ya Ng'ombe Aliyedungwa Dawa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Myanga tuko salama, na babu yako ameanza kutembea bila mkongojo. Umeuliza kutoka Kitale kama mnaweza kumgawia jirani maziwa ya ng'ombe wenu aliyedungwa dawa.

Nilipokuwa bibi arusi, daktari wa mifugo alimdunga ng'ombe wetu, akasema tumwage maziwa siku tatu. Kesho yake jirani yetu, Mama Wafula, akaja kumwombea mtoto wake. Niliona haya kumnyima, nikampa. Kisha moyo ukanisuta, nikamkimbilia. Nilimkuta akiyamimina kwenye uji.

"Usimpe! Bado yana dawa."

Akacheka. "Si ungesema tu, bibi arusi? Ati ningekumeza?"

Mwambie jirani ukweli, mjukuu wangu. Ukiona haya, sema ni nyanya yako amekataza.