Sakafu Inayoelekea Mlangoni

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Tangi limepasuka! La samaki. Saa tatu asubuhi, mimi na chai yangu, nikasikia tak! — kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Nikatazama samaki, samaki wakanitazama. Halafu mstari mwembamba ukatembea kwenye kioo cha chini, kutoka pembe hadi pembe, bila haraka. Halafu maji. Lita mia moja na themanini hazina adabu. Zilipita zulia, zikabeba viatu vyangu vya kanisani hadi mlangoni, na zilizokosa mlango zikashuka kwa Mama Shirleen, nyumba ya chini yetu.

Alipanda na mwiko mkononi. Dari inamdondokea ndani ya sufuria ya ugali. Nikamwambia pole. Akasema pole haikaushi dari.

Samaki saba wamepona. Niliwaopoa kwa kofia yangu ya kazini. Wako kwenye beseni la buluu la mke wangu Clare, la kufulia. Clare hajasema kitu. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumapili, 3 Agosti

Ndugu yangu Sylvance amepiga simu kutoka nyumbani, Siaya. Habari zimefika huko kabla zulia halijakauka. "Omera, watu wa ziwani tunakula samaki, wewe unawapangia nyumba?" Akauliza kama hao saba wanatosha mboga ya jioni.

Tulipotoka kanisani, keyateka Kisilu, mwangalizi wa ploti, alikuwa ananingoja ngazini. Mwenye nyumba amesema: tone moja tena kwenye dari ya Mama Shirleen, tunahama. Miaka kumi na tisa tuko hapa mtaani Baba Dogo! Mwanetu Owen alijifunza kutembea kwenye ngazi hizo hizo. Kisilu akaniinamia sikioni: "Mzee Zede, si uwakaange tu yaishe?"

Sikaangi. Nimestaafu mwezi wa tatu. Miaka thelathini nimeamshwa na kengele za watu wengine. Hawa samaki ni kitu cha kwanza nilichochagua mwenyewe tangu nimchague Clare. (Clare anasema hata hapo, yeye ndiye aliyechagua.)

Jumatatu, 4 Agosti

Clare amesema. Beseni lake analitaka Jumamosi ya wiki ijayo, bila mtu ndani. Nikitaka kujaza tangi tena, shauri yangu — lakini likivuja nitahama na samaki wangu, watu wanane. "Mimi sihamishwi na samaki, Baba Owen."

Nimesema sawa. Nilisema nikiwa nimeinua kidevu. Sidhani aliona, alikuwa anafua kwenye ndoo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kwa Gichuru, fundi wa madirisha, aliyenitengenezea tangi na meza yake ya chuma. Nimeenda kifua mbele! Nikamwambia meza yake imenivunjia kioo.

Hakubisha. Tukaileta meza kwa mkokoteni, akaisimamisha kwenye sakafu ya karakana, akaweka pima maji juu yake. Urefu — kipovu katikati. Upana — kipovu katikati. Akaniuliza kwangu ilikuwa inacheza? Kidogo, nikasema. Na nilifanya nini? Nikamwambia: nilikunja pakiti ya unga mara nne, nikaiweka chini ya mguu mmoja.

Gichuru alivua kofia. Akawaita vijana wake wote waje wasikie.

Maelezo yake, nayaandika nisisahau: karatasi hulowa, hukaa chini. Ule mguu ukazama, meza ikajikunja, na tangi likabaki limekalia pembe moja. Kioo hakijui kujikunja. Maji yale ni mbuzi sita wanene wa soko la Kiamaiko wamesimama sebuleni, na mimi nimewaweka juu ya pakiti ya unga.

Halafu akauliza, kwa heshima kabisa, huko reli nilikuwa nafanya kazi gani.

Kusawazisha reli. Miaka thelathini. Nilikuwa naona reli iliyozama upana wa kidole nikiwa bado mbali.

Sitaandika walivyocheka.

Anabandika kioo kipya cha chini leo. Gundi ikauke wiki nzima, nisiiguse. Nimeahidi kutoigusa.

Alhamisi, 7 Agosti

Gichuru amekuja na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mimi nikashika ncha moja dirishani, yeye nyingine mlangoni. Maji yakatulia. Tukapima kutoka sakafuni. Tofauti — vidole viwili! Akapima tena. Viwili.

Clare alikuwa jikoni. Akatokeza kichwa: "Si ni ya deki."

Ya nini?

Ya deki. Sakafu zote za ploti hii zimelazwa zielekee mlangoni, ukipiga deki maji yatoke yenyewe. Hujui? Miaka kumi na tisa anasukuma maji kuelekea hapo!

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akaniuliza mimi nimewahi kushika tambara la deki lini.

Gichuru akaanza kukunja mpira wake kwa makini sana, kama mtu aliye msibani.

Kwa hiyo meza ilikuwa sawa kwake na kombo kwangu. Mimi niliipima kwa fundi, nikaileta nyumbani, nikamaliza kazi kwa unga.

Jumatano, 13 Agosti

Meza imerudi na miguu mipya: bolti nene chini ya kila mguu, unaizungusha kwa spana, mguu unapanda au kushuka kidogo kidogo. Nimelala kwa tumbo tangu asubuhi. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, halafu mshazari. Kipovu hakiondoki katikati. Juu yake nimetandaza lile povu jeupe gumu lililokuja na TV, kioo kisikalie kokoto.

Nimetupa kadibodi zote za nyumba hii. Hata iliyokuwa chini ya friji. Friji sasa inacheza. Clare ameiona.

Mama Shirleen amenipita ngazini, akauliza kama anunue mwavuli wa jikoni. Nikamwambia anunue wa Jumamosi, siku ya kujaza tangi. Mdomo wangu!

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ndiyo leo. Naandika nimekaa sakafuni, rula mapajani. Samaki wako kwenye beseni pembeni yangu, wanangoja kama watu wa foleni.

Nimejaza robo, nikapima kutoka ukingoni hadi kwenye maji, pembe zote. Nusu: sentimita ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili. Nimeandika zote nne kwa sababu ni tamu.

Kwenye sentimita kumi na sita, maji ya mitungi yangu yakaisha. Mifereji imekauka tangu Jumatano.

Na hapo hapo, hodi. Kisilu, simu sikioni. Mama Shirleen amepanga masufuria jikoni kwake, amempigia mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema nimwage. Sasa hivi. Nikamwambia Kisilu aingie alete macho yake. Nikamwambia amwambie huyo bwana kwamba sakafu yake ndiyo imelala, meza yangu imesimama.

"Mzee, mwaga tu. Na maji yenyewe si yamekuishia?"

Clare akatoka jikoni. Ameshika ndoo. Ndoo ya mwisho ya nyumba hii — ya kupikia leo na kuogea kesho kabla ya kanisa. Akapita katikati yetu.

"Kisilu, sogeza mguu, nimepiga deki hapo."

Akaanza kumimina. Polepole, kwenye kiganja, maji yasipige kioo. Kisilu akasema Mama Owen, mwenye nyumba bado yuko kwa simu. Akasema angoje, hajamaliza ndoo.

Chini, mwiko unagonga dari. Ko, ko, ko. "Bado?" Mama Shirleen anapiga kelele.

Clare ameweka ndoo tupu chini. Amenipokonya rula, anapima mwenyewe. Pembe ya kwanza, kumi na moja. Ya pili, kumi na moja. Ya tatu, kumi na moja. Kisilu amepiga magoti kando yake, simu imeshuka begani, inaita alo, alo.

Imebaki pembe ya nne, ile ya unga. Clare amenyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, tunyamaze, maji yatulie kwanza.