Viatu vya Baba

Shikamoo Baba,

Hapa Garissa jua linachoma hata kivulini. Mwalimu ametuleta, sisi wanafunzi wa udaktari, tujifunze kuwahudumia wanaojidunga heroini: kuwapa sindano safi na kuwasikiliza bila kuwahukumu. Wiki nzima hakuna aliyetusogelea. Halima, anayetuuzia chai ya maziwa ya ngamia kibandani kwake, ambako mwalimu hutufundishia, alikuwa akinimiminia huku macho yake yako miguuni kwangu. Nikamshuku. Nilidhani ndiye anayewauzia heroini, na anatuchunguza.

Jana nikamuuliza kwa nini ananitazama miguu.

"Warya, wewe kijana," akasema, "daktari gani ana kiatu ya bolisi?"

Ni vile vyeusi vya polisi ulivyonipa ulipostaafu, Baba.

Leo nimekwenda na patipati miguuni. Halima amenitazama miguu, akageuka akanitazama uso kwa mara ya kwanza, kisha akafunua pazia nyuma ya jiko.

"Bwana yangu ako hapa. Ongea na yeye bole bole."

Alikuwa ameketi pale wiki nzima, mikono imejaa alama za sindano, akisikiliza kila tulichofundishwa.

Uangalie mgongo wako, Baba. Nakupenda. Ule mkanda wa kazini usinitumie.

Mwanao, Mwakio