Silinda ya Mashine ya Papa

Nyakarenzo, Rusizi

Kwako yaya Habumugisha, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kilimani. Unaendeleaje huko Bukavu? Benitha mke wako na batoto bako bazima? Sisi huku tunapumua. Maman bado anasumbuliwa na magoti, lakini Jumapili anafika kanisani mwenyewe na hataki kushikwa mkono.

Habari ya kazi ndiyo iliyonishikisha kalamu. Unajua ile tronsoneze aliyoniachia marehemu Papa iliharibika silinda tangu masika. Bila mashine hiyo ya msumeno sikati mti wala sipasui ubao, na ndiyo inayotulisha. Muuzaji mmoja pale Kamembe akaniambia eti niipeleke makumbusho. Mwingine akasema piyesi za kutengenezea aina ile haziletwi tena, ninunue mashine mpya. Mpya, yaya! Bei yake ni shamba zima. Nikakupigia simu unitafutie Bukavu, ukanijibu umezunguka masoko yote hadi miguu ikavimba, hakuna. Nikakuamini. Nikakushukuru hata!

Muntu aliyenipa kazi ya kukata mikaratusi yake ya Gitambi akachoka kungoja, akamwita mwingine. Mke wangu Uwineza akauza mbuzi wake bila kununa, ili siku nikiona silinda ya okazyo, iliyokwisha kutumika, nisikose cha kulipia.

Juma lililopita nilielekezwa kwa Mzee Ramazani, fundi wa Kamembe anayenunua mashine zilizokufa na kuzifungua vipande vipande. Akaingia nyuma, akarudi na silinda kama yangu kabisa. Nikaigeuza. Mbavu zake za nje, tatu zilikuwa zimevunjika na kulainishwa kwa tupa. Niliijua. Papa alizipiga tupa mbele ya macho yangu, baada ya mti kuiangukia mashine yake ya pili kule Gikundamvura. Ile ile iliyopotea nyumbani mwaka juzi, siku ya kumaliza kilio chake.

Nikamuuliza Mzee ameitoa wapi. Hakuficha, maana hakujua kwamba ananichoma. Alisema mashine nzima aliuziwa na Habumugisha, mtoto wa marehemu Niyonsenga wa Nyakarenzo, na kwamba muntu huyo alimwambia nyumbani hakubaki hata mmoja wa kufanya kazi ya miti.

Aibu, yaya! Na ulisahau kitu kimoja. Mashine za aina ile, Rusizi nzima, zilikuwa mbili tu, zote za Papa. Ukiuza moja, atakayekuja kununua kipande chake ni nani kama si mimi mwenye nyingine? Nimenunua mali ya Papa kwa mbuzi wa mke wangu.

Mashine inaunguruma sasa, na sina furaha nayo hata kidogo. Nina hasira, na nina huzuni pia. Kama ulikuwa na shida ungesema, tungeiuza pamoja, hakuna ambaye angekukatalia. Lakini wewe ulikaa kimya huku Aimable akiitwa mwizi mbele ya bantu bote, Aimable aliyefanya kazi na Papa tangu ujana wake, kwa sababu tu ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Tena wewe ndiye uliyemkamata shati! Leo hakuna anayempa kazi ya miti. Anabeba matofali, na akituona njiani anakatiza mashambani.

Sikuombi pesa. Njoo mchana, uingie kwake, bantu bakikuona.

Nisalimie Benitha, na batoto ubakumbatie kwa niaba yangu. Maman anakusalimia mingi, anakuombea kila asubuhi. Sijamwambia kitu. Jana alinituma nikuandikie kwamba sasa roho yake imetulia, amemsamehe Aimable. Njoo umjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mukundwa