Kwa Nini Kitabu Chako Hakina Saini

Mjukuu wangu Neema,

Hili sijamwambia mtu: saini ya mwandishi sikuikosa, niliikataa. Sisi wa Kibaoni, hapa Ifakara, hatujambo, na mimi bibi yako wa ukoo bado niko kidato cha tatu.

Mwandishi wa hadithi zako za upelelezi alipokuja shuleni kwetu, nilimpelekea kitabu chake kipya akusainie, nikiwa na shaka.

“Shikamoo. Mbona humu kitabuni Ifakara wanavuna mpunga Desemba? Mwezi huo ndiyo kwanza tunapanda. Vitabu vya mwanzo havikukosea.”

“Marahaba, mpelelezi!” Akacheka, kisha akainama. “Hiki nilimpa mtu aniandikie.”

“Basi saini jina lake.”

“Nimelisahau.”

Nikafunga kitabu, nikamshukuru, na kesho yake nikakutumia hivyo hivyo.

Bibi yako,
Tumaini