Chujio Lako, Mjomba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mjomba,

Kling'. Sauti hiyo haijanitoka sikioni wiki ya pili sasa. Lakini kwanza nikuamkie: shikamoo. Mgongo umepungua kuuma? Mkazamjomba hajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja, na barua hii ni kwa ajili yake.

Ilikuwa sauti ya jino la kitindamimba wetu likidondoka ndani ya bakuli la chuma la daktari wa meno. Nilihesabu mara nne. Ana miaka sita, mjomba. Shuleni wenzake humpigia magoti: "Shikamoo, bibi!" Naye huitikia "Marahaba" huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Uliposikia kwamba maji ya bomba ya mji wetu yanatiwa floridi, madini ya kukinga meno, ulituma chujio la kuyaondoa, ukafuatisha ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama: "Dada, hiyo ni sumu. Mtoto asiionje hata shuleni." Basi mama akawa anamfungia juisi ya boksi kila asubuhi. Nilipopinga, alinikata: "Kaka kasema. Wewe nani?"

Mimi ndiye ninayeyapima maji hayo kila siku kazini, ndani ya lile koti jeupe ulilolisifu pichani.

Hofu yako najua ilikotoka. Kisima mlichonywea utotoni kiliwapaka meno rangi ya kahawia, na hadi leo unacheka umefumba midomo. Nilikwenda kukipima: floridi yake ni mara saba ya tunayotia sisi. Wewe uliumizwa na wingi. Ungeniuliza, ningekueleza. Hukuuliza, ulihubiri.

Daktari hakumumunya maneno: juisi ndiyo iliyoozesha, na maji yale uliyoyakataza yangemkinga kiasi. Mama aliinamisha kichwa. Anayestahili kuinamisha yuko mbali.

Wasalimie mkazamjomba na binamu zangu, ambao nasikia wanakunywa maji ya bomba ya huko, yenye floridi vilevile, bila chujio lolote. Mungu akupe afya njema, na akunyime chaji ya simu.

Chujio nimelifungua juzi kwa spana, mama mwenyewe akinimulikia tochi chini ya sinki. Jana nimelirudisha kwako kwa posta. Likifika, litikise. Meno yote manne yamo ndani.

Ni mimi mpwa wako,
nikupendaye kwa hasira